Paka Watatu, Harufu Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nimekamua, nimepeleka maziwa barabarani, nimerudi. Mvua bado. Kwamboka, anayenisaidia shambani na nyumbani, amechuma mistari miwili ya chai akaja kuniambia hakuna majani, ni vijiti. Nilijua.

Hayo ni ya kila siku. Jipya ni kwamba tangu jana Mama anakaa kwangu, na amekuja na paka.

Jiko lake kule Sigowet liliungua Januari. Alibandika sufuria, akatoka kumsalimu jirani, akasahau sufuria na moto pamoja. Majirani ndio waliozima. Dada yangu Alice alitaka kumpeleka kwake Soin. Mama joto la Soin halimpendi hata kidogo, siku mbili tu huko anavimba miguu. Nikasema aje hapa. Mimi ni kifungua mimba, nina nyumba ya vyumba vinne, na naishi peke yangu na paka wawili. Sasa ni watatu.

Tulimleta ndani ya gunia. Ndivyo tunavyohamisha paka, asione njia akarudi alikotoka. Alilia kutoka Sigowet hadi mlangoni kwangu. Mama alimpakata gunia na yote, hakutaka lishikwe na mtu mwingine. Ni paka mweupe, mwembamba. Anaitwa Chelel, jina la ng'ombe mweupe. Mama hajawahi kumpa mnyama yeyote jina lisilo la ng'ombe.

Nililifungua gunia katikati ya sebule, mbele ya wenyeji. Ujinga wangu huo. Pazia limechanika, na mkono wangu pia.

Jumanne, 4 Machi

Wenyeji ni Karani na Sista. Karani ni dume, mkubwa, mwizi. Nilimpa jina hilo kwa sababu hulalia daftari zangu tangu nilipokuwa bado nafundisha. Sista ana kola nyeupe ya manyoya shingoni. Ana miaka kumi na mitatu, na alikuwa wa Esther, mke wangu.

Esther alimwokota kwenye chai akiwa hajafungua macho. Alimnywesha maziwa kwa ncha ya kitambaa, kila saa, kama mtoto. Esther akafa miaka minne iliyopita. Sista akabaki kwenye kiti chake. Sijawahi kumwondoa hapo na sitamwondoa.

Pale sokoni wananiita Mwalimu wa Paka. Waite.

Chelel yuko chini ya kitanda cha Mama. Hajala.

Alhamisi, 6 Machi

Sasa nimeelewa. Mama hali kwa sababu Chelel hali.

Nikimwekea sahani anauliza kwanza, "Chelel amekula?" Nikisema bado, anaisukuma. Nikisema ndiyo, anainama kuangalia bakuli chini ya kitanda, analiona limejaa, ananiangalia mimi kama mwizi wa kuku. Zamani alikuwa hivyo kwa ndama. Tulilala tukimsubiri ale, yeye yuko bomani anahakikisha ndama wameshiba. Amesahau jina la mke wangu, amesahau kwamba Baba alikufa. Hilo la kushibisha wanyama kwanza halijasahaulika.

Na Chelel hali kwa sababu Karani amelala mlangoni. Halali kweli. Anasubiri.

Ijumaa, 7 Machi

Mama: uji nusu kikombe. Chelel: hakuna.

Nimempiga Karani kwa gazeti. Amehamia dirishani, kutoka huko anaona vizuri zaidi.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya kanisa Alice amepiga simu. Nilimwambia ukweli, labda sikufaa kumwambia. Amesema, "Brother, mimi siwezi poteza mama juu ya paka. Toa hiyo paka, ama nije nimchukue." Atakuja Jumapili ya mwisho ya mwezi. Akimkuta Mama hivi, anaondoka naye siku hiyo hiyo.

Kwake paka haingii. Mtoto wake ana pumu. Kwa hiyo Mama atakwenda Soin, kwenye joto, bila Chelel, na watu wa Soin watamwambia ale kwanza. Hatafika Agosti. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ninavyoamini.

Nina wiki tatu za kumfanya Chelel awe paka wa nyumba hii.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeshuka Kapkatet kwenye duka la dawa za mifugo. Msichana wa pale nilimfundisha darasa la nne. Alikuwa hajui kugawanya, sasa anajua mambo ambayo mimi siyajui. Alinicheka kidogo halafu akanisaidia.

Amesema nimekosea mwanzo. Mgeni hufungiwa chumba chake, na bakuli lake, na karai lake la majivu la kujisaidia. Wenyeji wasimwone. Paka anamjua mwenzake kwa pua kabla ya macho. Kwa hiyo chukua kitambaa, msugue mgeni mashavuni, kiweke kitambaa hicho mahali wenyeji wanapokula. Halafu kinyume chake. Halafu walishe pande mbili za mlango mmoja uliofungwa. Ukiona wanakula bila kunguruma, fungua mlango kidogo. Wakigombana, rudi nyuma.

Nikamwuliza itachukua muda gani. Akasema wengine wiki, wengine miezi. "Usiwaharakishe, Mwalimu. Hii si mtihani."

Kwangu ni mtihani, na una tarehe.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwelezea Kwamboka mpango. Mama yeye humwita Kogo, yaani nyanya, na ndiye anayemwogesha na kumvisha, maana mtoto wa kiume haogeshi mama yake, hata awe na mvi. Amenisikiliza hadi mwisho akasema, "Kwa hivyo hii paka ya Kogo iko jela, na hizo zingine ndio polisi." Lakini ameleta majivu.

Kitambaa ni kipande cha leso kuukuu. Nimemsugua Chelel mashavuni. Alinipiga kucha mara moja tu. Nimekiweka chini ya bakuli la wenyeji. Karani alikinusa, akakojoa juu yake. Sista alikinusa, akakaa, akakinusa tena, akala.

Sista ana akili. Aliipata kwa Esther.

Jumatatu, 17 Machi

Siku njema ya kwanza. Nimewalisha kwenye mlango wa chumba cha Mama, wenyeji nje na Chelel ndani, dagaa kwa wote. Kwanza bakuli la Chelel lilikuwa mbali, chini ya dirisha. Kila siku nalisogeza hatua moja. Leo amekula akiwa hatua tatu kutoka mlangoni. Bakuli lote.

Mama aliona bakuli tupu. Akanyoosha mkono, akaomba chakula chake. Alikula ugali na mboga, akanywa mursik, maziwa yetu ya mgando, akapangusa kinywa. Nilikwenda nje nikasimama nyuma ya tangi la maji, nikalia. Sikumwambia mtu.

Jumatano, 19 Machi

Mama amefungua mlango.

Nilikuwa napeleka majani kwenye kituo cha kukusanyia chai. Kwamboka alikuwa jikoni. Mama hajui kwa nini mlango unafungwa, kila siku namwambia na kila siku hajui. Alitaka jua. Karani aliingia akiwa hata hajatazama kushoto wala kulia.

Sikio la Chelel limepasuka. Mama ana alama mbili mguuni, alijaribu kuwatenganisha. Karani nimemfungia kwenye bohari ya mahindi. Sista alikuwa amepanda kwenye kiti chake, manyoya yote yamesimama, lakini hakugusa mtu. Nataka hilo liandikwe. Hakumgusa mtu.

Chelel yuko chini ya kitanda. Tumerudi tarehe tatu.

Ijumaa, 21 Machi

Mama: maji, kipande cha ndizi. Mikono yake naiona mifupa. Alipotoka kwenda chooni alishika ukuta. Nilimpeleka hospitali jana, daktari akasema hana ugonjwa mwingine, ale tu. Nikamwambia daktari habari ya paka. Aliandika kitu kwenye karatasi. Nadhani aliandika kuhusu mimi.

Alice anakuja Jumapili ya wiki ijayo. Siku tisa. Msichana wa dukani alisema usiharakishe. Yeye hana mama anayesubiri bakuli la paka.

Nimechoka na vitambaa. Namchukia Karani. Jioni nimemwambia Mama kwa ukali, "Kula, Mama, wewe si paka." Aliniangalia kwa upole sana, akaniita kwa jina la Baba.

Jumamosi, 22 Machi

Jumamosi ni siku ya kuogesha ng'ombe. Naandika polepole, nataka niandike kama ilivyokuwa.

Nilikoroga dawa ya kupe kwenye pampu ya mgongoni, nikaogesha ng'ombe wote wanne. Nikiwa hapo nikakumbuka yule mtamba tuliyemnunua mwaka juzi. Ng'ombe mgeni akiingia bomani wenyeji humpiga pembe. Hapa kwetu dawa yake inajulikana. Siku ya kumwingiza unaogesha wote pamoja, mgeni na wenyeji, wote wananuka dawa ile ile, pua haimpati mgeni. Baba alifanya hivyo. Mimi nimefanya hivyo maisha yangu yote na sijaona ikishindwa.

Nikajiambia: si msichana wa dukani alisema ni pua? Na Chelel ana viroboto, nimewaona. Kazi mbili kwa dawa moja.

Niliona ni wazo zuri. Nilijisifu. Nilitembea kutoka bomani hadi nyumbani nikijisifu.

Dawa iliyobaki nikaimimina kwenye ndoo. Nikaanza na Karani, nikamshika ngozi ya shingo nikamchovya hadi masikioni. Alipigana. Halafu Sista. Sista hakupigana. Nilimtoa kwenye kiti, akaning'inia mikononi tu, akaniangalia. Nikamchovya. Nikamsugua vizuri, tumboni na chini ya kola, maana nilitaka kwake ifanye kazi zaidi.

Nikaenda kwa Chelel na kitambaa kilicholowa. Nilikuwa nimempaka mkiani na mgongoni kidogo Mama alipoinuka kitandani, yeye ambaye jana alikuwa akishika ukuta, akaninyang'anya paka. Akamviringisha kwenye blanketi. Akasema, "Huyu si ng'ombe."

Nikamwambia Mama harufu ikiwa moja watapendana. Akasema tena huyu si ng'ombe, akanigeuzia mgongo. Nikasema moyoni, masikini, kichwa kimekwenda. Nikawaacha.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Wote watatu walikaa wakijilamba.

Saa nane Karani alikuwa anatokwa mate. Nilidhani ni uchungu wa dawa mdomoni. Saa tisa Sista alianza kutetemeka masikio, halafu ngozi yote, kama ngozi ya ng'ombe inapofukuza nzi, lakini haikukoma. Akaanguka kutoka kwenye kiti. Miguu ikanyooka. Nilimpigia simu yule msichana. Akaniuliza nimempaka nini. Nikamwambia. Kisha akasema osha, osha na sabuni ya vyombo, maji ya uvuguvugu, osha wote sasa hivi.

Niliwaosha kwenye karai, mimi na Kwamboka. Karani, Sista, Chelel. Sista nilimwosha mara tatu. Kwamboka alikuwa anaomba kwa Kikisii. Nilimpigia daktari wa mifugo, alikuwa Bomet na ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, akasema atafika kesho mapema.

Sista bado anatetemeka. Nimemviringisha kwenye sweta la Esther.

Jumapili, 23 Machi

Amekufa kabla daktari hajafika.

Sikwenda kanisani. Nilimzika kwenye shamba la nepia, majani ya kulisha ng'ombe, mbali, upande wa mto. Kaburi la Esther liko hapa hapa nyuma ya nyumba na kuna nafasi. Sikuweza. Sikuweza kupita pale na Sista mikononi.

Jumatatu, 24 Machi

Nilishuka dukani. Sijui nilitaka nini, labda kukemewa. Msichana hakunikemea. Alisema tu, "Mwalimu, paka na ng'ombe si kitu moja. Ng'ombe hajilambi kama yeye." Akasema mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa ile, hata kidogo inamtosha, na mzee ndiye huanza kwenda. Akasema si mimi wa kwanza.

Nilifundisha sayansi miaka thelathini na mmoja. Kwenye kopo kuna picha ya ng'ombe. Nilikuwa naiona kila Jumamosi.

Jumatano, 26 Machi

Karani ataishi. Daktari alimchoma sindano, kutetemeka kumeisha. Anatembea kwa upande. Nikiingia anatoka. Amehamia bomani, analala juu ya nyasi kavu, na chakula anakubali kutoka kwa Kwamboka peke yake. Ana haki.

Chelel hana neno. Lile blanketi lilifuta karibu yote niliyompaka.

Leo alitoka chini ya kitanda. Hakuna aliyekuwa mlangoni. Alipita sebuleni taratibu, akinusa kila mguu wa meza, akala dagaa wake katikati ya nyumba. Mama alikuwa anamwangalia kutoka mlangoni. Akacheka. Akala.

Jumapili, 30 Machi

Alice amefika na mumewe, na sukari, na uso wa kuchukua mtu. Amemkuta Mama ameketi juani nje ya mlango, paka mapajani, amemaliza sahani ya wali na maharagwe. Alizunguka nyumba akitafuta kosa. Hakuliona.

Akanisifu. Alisema, "Kumbe uliweza. Hao wengine wamezoea?" Nikasema ndiyo, kumetulia. Akasema Mama abaki.

Nilitaka hivyo. Mwezi mzima nilitaka hivyo tu. Niliwasindikiza hadi barabarani nikarudi, nikapita kile kiti, nikatamani Alice arudi anichukue mimi.

Nyumba ina amani. Naandika hapa ilivyopatikana, kwa sababu hakuna mwingine atakayeiandika. Mmoja amekufa na mmoja amenikimbia.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua imeanza. Chai imechangamka, Kwamboka ameita dada yake wasaidiane kuchuma.

Asubuhi Mama ameuliza yule mwenye kola nyeupe yuko wapi. Sikutegemea. Anasahau kwamba amekunywa chai kikombe kikiwa bado mkononi, lakini wanyama wa nyumba anawajua, na mmoja amepungua. Nikasema ametoka. Ni jambo la kawaida kusema kuhusu paka.

Saa tano Mama hakuwa chumbani. Tulimkuta ndani ya chai, chini kabisa, amelowa hadi kiunoni, anaita. Alikuwa amepoteza kiatu kimoja. Kwamboka alimbadilisha nguo, Mama akitetemeka kwa baridi.

Ijumaa, 4 Aprili

Ameuliza tena jana, na leo. Nikimwambia ametoka, atatoka kumtafuta. Kwa hiyo namwambia ukweli. Hakuna njia nyingine ya kumweka ndani.

Namwambia: Mama, amekufa. Nilimwogesha kwa dawa ya ng'ombe.

Kila asubuhi anaisikia kwa mara ya kwanza. Jana alinishangaa, akaiacha chai hadi ikapoa. Leo alishika mkono wangu akasema, "Hukujua." Kesho nitamwambia tena, na sijui atasema nini. Kwa Alice nilidanganya mara moja tu, ikaisha. Kwa Mama siwezi kudanganya na haiishi.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua ya usiku imesimama alfajiri. Nimekamua, nimepeleka maziwa.

Mama aliamka vizuri. Chelel alikula, naye akala. Nikaketi karibu naye nikisubiri swali, nikalijibu. Alisikiliza. Leo hakushangaa wala hakunishika mkono. Aliuliza, "Mwenye paka umemwambia?"

Sikuelewa. Akasema, mke wako. Si paka ni wake?

Nikasema bado.

Akasema si vizuri aje asikie kwa watu. Niende nimwambie mwenyewe, sasa, kabla sijaanza kazi nyingine. Alisema hivyo kwa sauti ya zamani, ile ya kunituma nikiwa mdogo. Nikainuka.

Nilikwenda nyuma ya nyumba. Majani yamemea juu ya kaburi, sijayakata tangu Mama aje. Niliyang'oa kidogo kwa mkono. Nikamwambia Esther. Nilianzia kwenye gunia, nikamwambia yote, na ile ndoo, na kwamba hakupigana.

Kwamboka na dada yake walikuwa wanachuma mistari ya karibu. Walihamia ya mbali.

Niliporudi Mama aliniuliza nimetoka wapi na viatu vyenye matope. Nikamwambia nilikwenda kuongea na Esther. Akasema vizuri, akanipa kikombe chake nikakioshe.

Mchana nimepeleka majani kituoni. Mvua imenyesha tena kuanzia saa kumi.